Muulize Shangazi: Kikombe chenye rangi ya kucha

Barua tatu za safari hii zinahusu jambo moja, kifafa, wala hatukupanga iwe hivyo. Zilifika ndani ya wiki mbili: moja kutoka Mbagala, moja kwa konda wa njia ya Gongo la Mboto, moja Tabata. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa. Nimeisoma mara nne, na mara ya nne sikuweza tena kufanya kazi nyingine siku hiyo. Majina tumeyaacha.

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni binti wa miaka 28, fundi cherehani hapa Mbagala Rangi Tatu. Tuko mafundi wanne kwenye fremu moja, tunashona sare za shule na za vikoba, na msimu wa harusi tunashona hadi usiku wa manane. Nina kifafa. Kilinianza nikiwa kidato cha kwanza, nilianguka mstarini asubuhi, na tangu siku hiyo shule nzima ikanipa jina jingine. Huu ni mwaka wa tatu natumia kabamazepini, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Vidonge naviweka kwenye mkebe wa bobini ili wenzangu wasivione.*

*Nilikaa mwaka mzima na miezi minne bila kuanguka. Mwezi wa pili dawa zikaniishia, nilipokwenda kuchukua nikaambiwa hazipo, nirudi Jumatatu, na hela ya kununua duka la dawa sikuwa nayo. Siku ya tatu nikaanguka hapohapo kwenye mashine. Nilipozinduka nilikuwa chini, kwenye vipande vya vitambaa, nimemwagiwa maji, nimejikojolea, watu wamejaa mlangoni. Hakuna aliyenisogelea. Shangazi, tangu siku hiyo hakuna aliyenitamkia neno baya. Ila Jumatano yake nikakuta kikombe kimoja kati ya vikombe vyetu vya chai kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono wake, na mama anayetuletea chai akawa ananiwekea mimi hichohicho kila siku.*

*Nina mchumba. Ni fundi wa mafriji, tuko pamoja mwaka wa pili, na barua ya posa inaletwa baada ya Idi. Hajui. Mama mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, ananiambia nifunge mdomo, nikishaingia ndani na kuzaa hakuna wa kunitoa. Na mawifi zangu wawili wanakaa hukuhuku Charambe, naogopa habari za fremuni zitawafikia. Nimwambie au ninyamaze? Nikimwambia akaondoka je? Na watoto wangu watazaliwa nacho?*

*Fundi wa Mbagala*

Marahaba, mwanangu.

Mwambie. Mwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla ya barua. Sababu nitakupa, lakini kwanza nikusimulie habari ya bakuli, kwa kuwa hicho kikombe chako nakijua.

Kwetu ni Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro. Kule kifafa ni kingi kuliko kawaida tangu zamani. Daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kuona watu wengi wakiletwa na majeraha ya moto, na watafiti wameendelea kwenda huko miaka yote hii. Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wa wagonjwa. Alikuwa na bakuli lake la bati, jeupe, lina ua la bluu ubavuni, na nusu ya ua lile ilikuwa imebanduka. Bakuli hilo halikuoshwa na vyombo vingine. Lilioshwa la mwisho, kwa maji yake, likafudikizwa juu ya jiwe nje ya jiko. Sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyenikalisha akaniambia kwamba ugonjwa wa dada unaambukiza. Bakuli ndilo lililoniambia. Nikiwa na miaka saba nilikuwa nahama mkekani akija kukaa karibu yangu. Aliliona hilo, akaanza kukaa mbali kabla sijahama.

Siku moja alianguka jikoni na mkono wa kulia ukaingia kwenye moto wa mafiga. Palikuwa na watu wazima watatu. Walimpenda, nasema hivyo kwa sababu nawafahamu, mmoja wao ni bibi yetu aliyemzaa baba. Walisimama wakipiga mayowe. Nao walikuwa wameambiwa na waliowazaa kwamba mate ya mwenye kifafa yakikugusa, umeshaupata. Aliyemvuta motoni ni mpita njia, mchuuzi wa samaki wakavu aliyesikia kelele. Vidole vitatu viliungana, havikuachana tena.

Baadaye alianzishiwa dawa, fenobabitoni, kila jioni. Kuanguka kukapungua hadi mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa mkono uleule alisuka mikeka, na fedha ya mikeka ndiyo iliyoninunulia madaftari na sare mpaka nikamaliza darasa la saba. Hakuolewa. Hakuna aliyewahi kuleta barua. Alifariki mwaka 2011 kwa homa ya mapafu, na mpaka mwisho, kila alipokuja kwangu Ilala, alisubiri wote tumalize kula, akaenda kuosha sahani yake peke yake. Nilimkataza miaka na miaka. Aliitikia, kisha akaenda kuiosha.

Sasa tuzungumze.

Kifafa hakiambukizi. Hakiambukizi kwa mate, kwa kikombe, kwa kitanda, kwa mkojo, kwa kukaa karibu, kwa kumshika mtu akiwa anatetemeka. Ubongo wetu unafanya kazi kwa kupelekeana umeme mdogomdogo. Kifafa ni pale umeme huo unaporipuka kwa wingi na kwa mkupuo, mwili ukakakamaa na kutetemeka, au kwa wengine wanakodoa macho tu sekunde chache kama wamesahau walipo. Lile povu watu wanalolikimbia ni mate yale yale ya kila siku, yameshindwa kumezwa yakachanganyika na hewa. Likiwa na damu, ni ulimi umeng'atwa.

Kinatokana na mambo mengi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa (kila nikiona bodaboda inakatisha Kilwa Road na abiria hana kofia, hili hunijia akilini), kiharusi, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini yakaenda kutengeneza vifuko kwenye ubongo. Kwetu Mahenge kuna na usubi, minyoo inayoenezwa na nzi weusi wa mitoni. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wagonjwa chanzo chao hakijulikani. Linasema pia kwamba wagonjwa duniani ni kama milioni 50, na asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegundulika mapema na kupata dawa inayowafaa. Wewe umejionea. Mwaka na miezi minne, mwanangu! Ulianguka mwezi wa pili kwa sababu ya siku tatu bila kidonge. Dawa yako inafanya kazi. Basi usingoje kidonge cha mwisho, ukibakiwa na za siku kumi nenda kachukue, na kwenye fedha ya sare tenga kidogo kidogo mpaka uwe na akiba ya wiki mbili iliyokaa pembeni. Kuacha dawa hizi ghafla ni hatari kuliko watu wengi wanavyodhani.

Na kukesha. Unasema msimu wa harusi mnashona hadi usiku wa manane. Kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha kifafa kwa haraka sana. Panga na wenzako, wewe uanze mapema alfajiri, uondoke jioni.

Nije kwa mama mkubwa. Simlaumu. Amekulea, ameona mabinti wangapi wakirudishwa kwao, anajaribu kukufungia mlango kwa ndani. Lakini kuna jambo pengine halijui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, imekitaja kifafa kwa jina lake. Ndoa inaweza kubatilishwa ikiwa wakati wa kuifunga mmoja wao alikuwa anapatwa na kifafa cha mara kwa mara. Wamekiweka kwenye orodha moja na wazimu, magonjwa ya zinaa ya kuambukiza, kushindwa tendo la ndoa, na mke aliyeingia na mimba ya mwanamume mwingine. Kila nikiisoma orodha hiyo namwona dada yangu na bakuli lake. India nao sheria yao ya ndoa za Wahindu ya mwaka 1955 ilikuwa na neno hilohilo, wakaliondoa mwaka 1999. Natamani wabunge wetu nao walifute, na nimelisema hili kwenye kila baraza nililoitwa.

Lakini tazama masharti yaliyo kwenye sheria hiyohiyo. Anayetaka ndoa ibatilishwe kwa sababu ya kifafa lazima awe hakujua siku ya kufunga ndoa, na aende mahakamani ndani ya mwaka mmoja. Mwanamume aliyeambiwa mapema, akakubali, akaoa, njia hiyo hana. Kwa hiyo huo ukimya ambao mama mkubwa anaona ni kufuli, ndio unaouacha mlango wazi. Mweleze hivyo kwa upole, akiwa peke yake, na mkikwama muoneni mwanasheria.

Tuseme sheria isingekuwepo. Hebu jione ndani ya nyumba ya ndoa, saa moja jioni, unatafuta sababu ya kwenda chumbani kufungua mkebe wa bobini. Kesho vilevile. Mgeni akija umechelewa, mama mkwe akilala kwenu wiki mbili umeruka. Dawa za kuficha ndizo dawa zinazorukwa. Na ukianguka usiku, huyo aliyelala pembeni yako atafanya anachojua: maji ya kichwani, kijiko mdomoni, kiberiti puani. Anayestahili kuwa wa kwanza kukulaza ubavu ni yeye.

Mwambie mchana, siku ambayo hana kazi, mahali mnapoweza kusikilizana. Usimwambie kwa simu, wala kwa ujumbe wa sauti. Chukua mkebe, umwekee mkononi aufungue mwenyewe. Mweleze ugonjwa wako jina lake, umeanza lini, dawa unazotumia, mara ya mwisho ulianguka lini na kwa nini. Mwoneshe cha kufanya ukianguka, kipo hapo chini kwenye jibu la konda. Yeye ni fundi wa mafriji: anajua kompresa ikiletewa umeme uliozidi inavyotetemeka kisha ikatulia, hutahitaji maneno mengi. Akinyamaza mwache anyamaze. Usimlilie wala usimbembeleze ajibu hapohapo. Mpe siku zake, na umwambie tarehe yako ya kliniki ili akitaka aje amuulize daktari mwenyewe.

Akikubali, wa kumwambia mama yake ni yeye, si mshenga wala si wewe, na iwe kabla barua haijaandikwa. Mawifi wa Charambe wakisikia kwanza kutoka fremuni, hata lililo la kweli litakuwa limeshakuwa umbea.

Na akiondoka? Wapo wanaoondoka, sitakuficha. Utaumia na utalia, ila utalia ukiwa kwenu, bila mahari ya kurudisha, bila mtoto wa kugombewa. Nimepokea barua za wanawake waliogundulika ndani ya ndoa. Kinachowatesa zaidi kwenye barua zile ni neno "ulinidanganya". Kifafa chenyewe wanakigusia mistari michache tu.

Kuhusu watoto: wengi mno wa watoto wanaozaliwa na wazazi wenye kifafa hawanacho. Zipo aina chache zinazofuata ukoo, na hilo daktari wako ndiye wa kulijibu kwa kuangalia historia yako. Ila nakuomba uonane naye kabla ya kubeba mimba, usingoje mpaka umeshaibeba. Kuna dawa ya kifafa, sodiamu valproeti, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mwanamke wa umri wako akiandikiwa hiyo anapaswa kuuliza. Yako ni nyingine, lakini nayo daktari ataangalia kiasi, na atakuanzishia vidonge vya foliki mapema. Usiache dawa mwenyewe eti kwa sababu una mimba, kuanguka kunaweza kukuumiza wewe na mtoto. Jambo jingine ambalo wahudumu wengi husahau kuuliza: kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti vya mkononi. Ukienda kliniki ya uzazi wa mpango, waambie unatumia nini kabla hawajakupa chochote.

Imebaki fremu. Aliyepaka kile kikombe rangi, naamini aliogopa kama bibi yangu alivyoogopa. Wapelekee ukurasa huu, wasome mbele yako kama unaweza kuvumilia, au uache mezani uende kununua uzi. Kisha niandikie unielekeze fremu yenyewe ilipo. Nitapanda gari la Rangi Tatu, nitakuja saa nne ya chai, na nitaomba niwekewe kwenye kikombe hichohicho.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni konda, gari letu ni Gongo la Mboto–Kariakoo. Juzi tulipofika Buguruni kijana mmoja abiria alianguka kifafa. Gari zima walikimbilia nyuma. Tukamshusha, tukamlaza kituoni, jamaa mmoja akamtia ufunguo mdomoni kwa nguvu mpaka jino likavunjika. Nilitaka kumshika nikaambiwa akijamba ukiwa karibu umekwisha, utaanguka na wewe. Gari likaondoka, nikamwacha pale. Usiku wa tatu huu silali vizuri. Nikikutana nayo tena nifanye nini?*

*Konda*

Marahaba, baba. Hiyo ya kujamba nimeisikia toka utoto wangu na nimeisikia tena hapa mjini, kwa wasomi na wasiosoma. Si kweli. Hewa ya tumbo haibebi kifafa.

Likitokea tena, tazama saa kwanza. Dakika moja ya mtu anayetetemeka huonekana kama kumi, na muda ndio utakaouliziwa hospitali. Mwambie dereva asimame pembeni, sogeza watu apate hewa, ondoa vyuma na mizigo iliyo karibu na kichwa chake. Akiwa kwenye kiti na haangukii kitu, huna haja ya kumburuta nje, mzuie tu asijigonge. Akiwa chini, weka kitu laini chini ya kichwa, kanga au sweta au hata mkoba wako wa nauli. Legeza kola, mkanda, tai. Usimshike kwa nguvu kuzuia mitetemo, unaweza kumtegua bega. Usitie kitu chochote mdomoni: kijiko, ufunguo, kidole, maji, dawa, hapana. Ulimi haumezwi. Yule kijana ametoka kwenye kifafa chake mzima na amepoteza jino kwa mkono wa mtu aliyetaka kumsaidia.

Mitetemo ikikoma, mgeuze alale ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, mate yatoke. Hapo ataonekana kama amelala usingizi mzito, au ataamka amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, anaweza hata kukusukuma. Usimpigie kelele. Mwambie jina la kituo, mwambie yuko salama, mfunike kama amejikojolea. Kanga ya mama yeyote kwenye gari itatosha, na sijawahi kuona mwanamke wa mji huu akiombwa kanga kwa jambo kama hilo akakataa.

Hospitali ni lazima iwapo mitetemo imepita dakika tano, au imekatika ikaanza tena kabla hajazinduka, au ni mjamzito, au ameumia, au amepatwa akiwa majini, au ndiyo mara yake ya kwanza. Njia yako hiyo Amana iko karibu. Vinginevyo wengi huzinduka wenyewe, wanachohitaji ni mtu wa kukaa nao kama nusu saa. Najua gari ni la hesabu na tajiri anataka hela yake jioni. Mwombe abiria mmoja abaki naye, mpe namba yako, umpigie baadaye kumuuliza. Konda anayesema kwa sauti "nani anabaki na huyu ndugu yetu?" hujibiwa. Watu huwa wanangoja mmoja aanze.

Umesema hulali. Kijana yule pengine anapita Buguruni kila siku. Ukimwona, msalimie.

*Shangazi, habari za kazi. Nina nyumba Tabata, wapangaji sita. Mmoja ni mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 11 ana kifafa. Mtoto alianguka chooni, akafungia mlango kwa mwili wake, ikabidi tuvunje. Choo ni kimoja. Wenzake wanasema nimtoe yule mama, wawili wametishia kuhama, na kodi zao zinaisha mwezi ujao. Nifanyeje?*

*Mwenye nyumba*

Nzuri, kaka yangu. Usimtoe. Ukimtoa kwa sababu hii, dalali wa nyumba inayofuata atauliza kwa nini amehama, na mama huyu atazunguka Tabata nzima na mtoto wake mpaka aishie kwenye chumba kibovu zaidi kuliko chako.

Waite wapangaji wote jioni moja, yeye mama akiwepo na akiwa ameridhia, uwasomee jibu nililompa konda. Sema wewe mwenyewe, mbele yao, kwamba choo hakiambukizi kifafa. Ukilisema wewe mwenye nyumba litachukuliwa tofauti na likisemwa na yeye. Wawili wakiamua kuhama, kodi ya miezi michache utaipata kwa mpangaji mwingine, vyumba Tabata havikai. Muulize mama kama mtoto anahudhuria kliniki na kama anakwenda shule. Kama hapati dawa, hilo ndilo la kushughulikia wiki hii, na hospitali za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, zinaona wagonjwa wa kifafa.

Kisha mambo ya nyumba. Jaba la maji na ndoo kubwa pale bafuni zifunikwe muda wote, kwani mtoto aliyeanguka kifudifudi anaweza kuzama kwenye maji ya kimo cha kiganja. Akioga, amwagie kwa kopo, mlango ukiwa umerudishwa bila komeo na mtu yuko karibu. Jiko la mkaa la mama yake liwe juu ya kitu au liwekewe uzio, lisikae sakafuni anapopita. Na huo mlango wa choo mliouvunja, usiurudishe ulivyokuwa. Mwambie fundi ageuze bawaba, ufungukie nje.